Kamendegere na Mashimo Yake Malishoni

Ndugu mfugaji, mvua zikianza na mifugo ikirudi kwenye tambarare za mchanga, simu nyingi tunazopokea maofisa ugani ni za aina moja. Ng'ombe ametumbukiza mguu shimoni. Safari hii ni mtamba mwenye mimba ya kwanza, safari nyingine ni punda wa maji. Mwenye mali huuliza mambo mawili kwa pamoja: je, mguu utapona, na ni sumu gani itawamaliza wanyama wanaochimba mashimo hayo? Kijarida hiki kinajibu yote mawili. Lakini kinaanza na mnyama mwenyewe, maana asiyejua desturi za kamendegere atapoteza fedha, mbwa, na pengine mbuzi kadhaa, na mashimo yatabaki palepale.

Kamendegere ni mnyama gani

Wengi humwita sungura kwa sababu ya masikio yake na jinsi anavyoruka. Si sungura. Yumo katika kundi la wanyama wagugunaji, pamoja na panya, kindi na nungunungu. Uzito wake ni kama kilo 3, na urefu wa mwili ni karibu sentimita 40, bila mkia. Mkia nao una urefu kama huohuo, umejaa manyoya, na ncha yake ni nyeusi. Miguu ya nyuma ni mirefu na yenye nguvu. Ya mbele ni mifupi kabisa, ina kucha ndefu, nayo ndiyo jembe lake. Akitembea polepole wakati wa kula huinama na kutumia miguu yote minne. Akishtuka husimama kwa miwili ya nyuma na kuruka, na mruko mmoja hupita mita 2 bila shida.

Duniani kuna aina mbili tu za kamendegere, na zote ziko Afrika. Moja iko kusini, katika nchi kama Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Nyingine ndiyo yetu, ya Tanzania na Kenya, ambayo wataalamu huiita Pedetes surdaster. Hapa kwetu wafugaji wa Dodoma, Singida, Manyara, Arusha na Mara wanamfahamu vizuri, ingawa wengi wamemwona usiku tu, kwa mwanga wa tochi au wa taa za gari. Macho yake humulika mekundu, na kwa kuwa yako pembeni mwa kichwa, mara nyingi unaona jicho moja tu likipanda na kushuka gizani. Watoto wengi wametishwa na taa hiyo inayorukaruka. Waambieni ni kamendegere anakula majani.

Hutoka usiku tu. Jua likiwa juu amelala chini ya ardhi, na hulala kwa namna yake: hukaa juu ya miguu ya nyuma, akainamisha kichwa katikati yake, kisha akajizungushia mkia. Giza likiingia hutoka kwa tahadhari. Usiku wa mbalamwezi kali huwa mwoga zaidi, hakai sana nje wala haendi mbali, kwa sababu anajua anaonekana. Na wanaomtafuta ni wengi: simbamangu, mondo, mbweha, paka pori, nyegere, bundi wakubwa, chatu, na binadamu pia. Kule Kalahari Wasani humwinda kwa fimbo ndefu sana yenye ndoano mwishoni. Huisukuma ndani ya shimo mpaka imnase, kisha huchimba kutoka juu.

Mwaka 2021 watafiti walitangaza jambo la kushangaza kidogo: manyoya ya kamendegere yakimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho yetu, hung'aa kwa mabaka ya rangi ya waridi na ya chungwa. Tochi ya kawaida haitakuonyesha hayo, kwa hiyo usimsumbue mnyama kwa kujaribu.

Jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, baada ya mimba ya miezi miwili na nusu hivi. Mtoto huzaliwa ana manyoya tayari, na hukaa shimoni wiki kadhaa akinyonya mpaka awe mkubwa kiasi cha kujitegemea. Huzaa wakati wowote wa mwaka, na jike mmoja anaweza kupata karibu watoto watatu kwa mwaka. Linganisha na panya wa shambani anayezaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo. Kamendegere hawezi kufurika ghafla kama panya. Ukiwaona wengi mahali fulani, ujue pamewafaa kwa muda mrefu, na swali la kujiuliza ni kwa nini pamewafaa.

Shimo lake

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mfugaji, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kamendegere huchagua udongo wa mchanga, au wa mchanga uliochanganyika na tifutifu, unaochimbika lakini haubomoki. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kujaa maji masika, haumfai. Milimani kwenye mawe pia hutamkuta. Ukitaka kujua atakuwa wapi katika kijiji chako, fuata mchanga: kingo za makorongo, tambarare zenye migunga ya hapa na pale, mashamba yaliyoachwa, na maeneo ya maboma ya zamani ambako nyasi ni fupi.

Huchimba zaidi wakati wa mvua, udongo ukiwa na unyevu na umelainika. Ndiyo maana ajali huongezeka masika. Shimo ambalo halikuwepo Oktoba linaweza kuwepo Januari, katika njia ileile uliyopitisha mifugo miaka yote.

Ndani, mapito yake hayaendi chini sana. Mengi yako chini ya mita moja, lakini huenea kwa urefu wa makumi ya mita, yakipinda na kugawanyika, na huwa na milango kadhaa. Chumba maalum cha kulala hakuna. Mlango mmoja unatosha kuingiza mguu wa ng'ombe mzima mpaka gotini.

Sasa angalia jambo hili. Milango ya kamendegere iko ya namna mbili. Ya kwanza ni ile aliyoianza kuchimba kutoka nje. Hii ina lundo la udongo mbele yake, kwa sababu aliutupa nyuma kwa miguu. Mchungaji akiwa macho huliona lundo hilo kwa mbali, na ng'ombe wenyewe hulikwepa. Ya pili ni ile aliyoifungua kutoka ndani, akitokea chini kuja juu. Hii haina lundo lolote. Ni tundu tupu, la mviringo, kingo zake ni safi, nyasi zimeizunguka. Ndiyo milango yake ya kukimbilia adui anapomfuata, na ndiyo inayovunja miguu. Ukiona shimo lenye lundo, usiseme nimeliona, yamekwisha. Simama, tazama kulizunguka pande zote, utakuta na yale mengine. Mchungaji aliyezoea kutafuta lundo peke yake anaona nusu ya hatari.

Mchana kamendegere huziba baadhi ya milango kwa udongo kutoka ndani. Kwa hiyo shimo lililozibwa kwa udongo mbichi halijahamwa, mwenyewe yumo. Shimo lililohamwa lina utando wa buibui mdomoni, majani makavu yameingia ndani, na hakuna nyayo. Na kamendegere mmoja hutumia mashimo zaidi ya moja, leo analala hili, kesho lile. Anayeketi kwenye shimo moja na jembe, akisema atamtoa, huenda anachimba nyumba isiyo na mtu.

Usiyachanganye na mashimo ya wengine. La muhanga ni kubwa, mtu mwembamba anaweza kuingia, na mara nyingi liko kwenye kichuguu au karibu yake, kwa sababu muhanga anatafuta mchwa. Ngiri hulala katika mashimo yaliyochimbwa na muhanga, na huingia kinyumenyume ili meno yawe mlangoni. Usimpeleke mtoto kuchungulia. Pango la nungunungu utalijua kwa miiba iliyodondoka na mifupa iliyogugunwa. Fuko haachi tundu wazi, huacha vilima vya udongo tu. Nguchiro hupenda matundu ya vichuguu, na ni wa mchana, utawaona wakisimama kuchungulia.

Je, anakula malisho ya ng'ombe?

Anakula. Chakula chake kikubwa ni nyasi: majani mabichi, mbegu, mizizi na vishina vya chini ya udongo kama vile vya ukoka. Ukikuta vijishimo vifupi vilivyokwaruliwa kwenye ukoka, pamoja na vinyesi vidogo vya duara vilivyobonyea, alikuwa hapo usiku. Akiwa karibu na shamba hula pia mahindi machanga, na kwenye mchanga huweza kufukua karanga. Mkulima ana haki ya kulalamika kuliko mfugaji.

Tufanye hesabu ya mfugaji. Ng'ombe wa kilo 250 ana uzito wa kamendegere zaidi ya 80. Mnyama mdogo hula zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo tuseme anakula mara mbili. Bado kamendegere 40 ndio wanaofikia mdomo wa ng'ombe mmoja. Ni maeneo machache sana yenye kamendegere 40 katika malisho ya familia moja, na hata yakiwapo, umepoteza malisho ya ng'ombe mmoja tu. Kwa maoni yangu, anayelia kwamba kamendegere wamemaliza nyasi ahesabu kwanza mifugo inayopita pale kila siku, ya kwake na ya wageni.

Na kuna jambo la pili ambalo wazee wengi wameshaliona bila kufundishwa na mtu. Kamendegere anapenda nyasi fupi. Katika nyasi ndefu haoni adui anakotokea na hawezi kuruka vizuri. Malisho yanapolishwa mpaka chini, msimu baada ya msimu bila kupumzishwa, tunamtengenezea uwanja. Yeye anafuata ng'ombe waliotangulia. Anayetaka apungue apumzishe sehemu ile mpaka nyasi zipande. Wamasai wana alalili, eneo la karibu na nyumbani linalotengwa kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Wasukuma wana ngitili, inayofungwa wakati wa mvua ili iliwe kiangazi. Ngitili nyingi za Shinyanga zilifufuliwa baada ya mradi wa HASHI kuanza mwaka 1986. Nyasi zikiwa za kufika magoti msimu mzima, kamendegere huhamia pembeni kwenye uwazi. Hatakwisha kabisa, na si lazima aishe. Mashimo yake ya zamani yataendelea kuwepo kwa muda, kwa hiyo siku unapofungua ngitili au alalili, tangulia wewe kwa miguu kabla ya ndama. Ndani ya nyasi ndefu shimo la zamani halionekani kabisa.

Kuhusu sumu

Tumeona wafugaji wakijaribu njia nne. Wengine huchanganya sumu ya panya na pumba au mahindi wakamwaga mlangoni. Wengine humimina dawa ya kuogesha mifugo ndani ya shimo. Wengine huwasha matairi au kumwaga petroli. Wengine hupeleka maji kwa punda, wakamwaga madumu kumi ili kumtoa mnyama mmoja, na maji hayo yalitoka umbali wa saa mbili.

Sumu ya panya kwenye pumba haimfikii kamendegere vizuri, kwa sababu hali chakula mlangoni mwake. Hutoka, hujitenga na shimo, hula nyasi mbichi mbali kidogo. Wanaopita mlangoni pake asubuhi ni mbuzi na kuku wako, na pumba kwa mbuzi ni kama sukari kwa mtoto. Sumu ikimpata kamendegere hata mmoja, hufa nje au mlangoni, na mbwa wako wa kulinda zizi humla. Tai na ndege wengine wanaosafisha mizoga humla pia. Kuna kaya zilizopoteza mbwa wote kwa wiki moja, na fisi hawakuchelewa kugundua kwamba zizi halina mlinzi.

Dawa ya kuogesha imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya ng'ombe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Ukiimimina ardhini bila kuchanganya na maji umepoteza dawa ya kuogesha kundi zima, na mvua ikinyesha huteremka korongoni hadi kwenye lambo mnapokunywa. Petroli na moshi wakati wa kiangazi ni kuchoma malisho yako na ya jirani. Mwenye moto hulipa.

Mbuzi au ng'ombe akidhaniwa amekula sumu utaona haya, yote au baadhi: kudondosha mate, kutetemeka, kuharisha, tumbo kujaa, kupumua kwa shida, kuanguka. Mtenge mahali penye kivuli, zuia wengine wasirudi pale, na piga simu kwa ofisa mifugo mara moja. Usikimbilie kumnywesha maziwa au mafuta. Najua ni desturi ya watu wengi, lakini kwa baadhi ya sumu mafuta husaidia sumu kuingia mwilini haraka. Tunza kopo au pakiti ya sumu na umwonyeshe ofisa. Dawa ya kutibu hutegemea jina lililoandikwa hapo. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa sumu usiliwe na mtu wala mbwa. Uchomwe au ufukiwe chini sana.

Tena kamendegere ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumwinda bila kibali. Kama wamekuwa kero kubwa shambani au bomani, taarifa ipelekwe kwa serikali ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Namna ya kuishi na mashimo

Hakuna familia inayoweza kuziba mashimo yote ya malishoni, na asikudanganye mtu. Linda sehemu tatu tu: njia ya kwenda majini, eneo la kuzunguka boma, na mahali ndama wanapochungwa na watoto. Sehemu hizo zikaguliwe kila baada ya mvua kubwa. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili.

Shimo lililohamwa lijazwe mawe kwanza, kisha udongo, ushindiliwe. Udongo mtupu hautoshi, kwa sababu udongo laini ndio anaoupenda kuchimba, na mguu wa ng'ombe utazama hata kama shimo linaonekana limejaa. Shimo lenye mwenyewe usilizibe, kwa kuwa atafungua jingine hatua chache tu, na hilo la pili huenda likawa lile lisilo na lundo. Liwekee matawi ya miba, hasa ya mgunga, yasimame juu kiasi cha kuonekana na ng'ombe. Kama liko katikati ya njia ya mifugo, hamisha njia. Ng'ombe huzoea njia mpya kwa siku chache ukiwaongoza.

Ajali nyingi hutokea kundi likikimbia: wameshtuka, wamenusa maji, au wanaharakishwa kurudi kabla ya giza. Ng'ombe anayetembea hutazama anapokanyaga. Kwa hiyo mchungaji mmoja atangulie mbele katika eneo lenye mashimo, asibaki nyuma akipiga miluzi. Na mnapochagua mahali pa kuhamishia boma kiangazi, mzee mmoja apazungukie mahali hapo jioni na arudi asubuhi. Nyayo mbichi za miguu miwili, kama za ndege mkubwa aliyerukaruka, zitamwambia yote.

Watoto ndio wanaochunga ndama, kwa hiyo haya mengine ni yao. Shimo lisiingizwe mkono wala mguu, hata kama mpira au fimbo imeingia humo. Nyoka hawachimbi nyumba. Moma, swila na chatu huingia katika mashimo ya wengine kutafuta ubaridi na panya. Mtoto akiumwa na nyoka, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Avuliwe bangili na shanga zote za kiungo kilichoumwa, kabla hakijavimba, kisha abebwe kupelekwa kituo cha afya, asitembee mwenyewe. Ndani ya mashimo kuna viroboto pia. Mnyama aliyekutwa amekufa bila jeraha, awe panya au kamendegere, asiguswe kwa mkono wala asichunwe, kwa sababu viroboto huuacha mzoga uliopoa wakatafuta mwili wenye joto. Wilaya za Lushoto na Mbulu zimewahi kupata tauni, ugonjwa ambao viroboto huutoa kwa panya na kuupeleka kwa watu. Mkiona panya wengi wamekufa kwa pamoja, mwambieni mtoa huduma wa afya siku hiyohiyo. Mtu akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena au kwapani, awahishwe. Tauni hutibika kwa dawa ikiwahiwa.

Mguu ukishavunjika

Ng'ombe akitumbukia usimvute kwa kamba. Wengi huvunja mguu wakati huo, sio alipotumbukia. Mtulize, mfunike macho kwa shuka, chimba upande mmoja wa shimo uwe mteremko, kisha mguu utolewe taratibu kwa kufuata mteremko ule.

Akitoka, mtazame. Akikanyaga hata kidogo, huenda ni msuli tu au kifundo kimeteguka. Mpumzishe nyumbani, mletee majani na maji, na subiri siku mbili tatu. Mguu ukining'inia, ukipinda pasipo na kiungo, au ukisikia mifupa ikisagana unapoushika, umevunjika.

Ndama, mbuzi na kondoo waliovunjika chini ya goti, ngozi ikiwa haijatoboka, hupona vizuri sana. Zungusha pamba au kitambaa safi kwanza, kiwe kinene. Kisha weka mabanzi: vipande vya mianzi, au bomba la plastiki la maji lililopasuliwa kwa urefu. Mabanzi yavuke kiungo cha juu ya mvunjiko na cha chini yake. Yakiishia katikati hayana kazi. Funga imara bila kukaba. Kila siku shika kwato na uisikie. Ikiwa ya baridi, ikivimba, au pakitoa harufu, fungua haraka na umwite ofisa. Ndama hukaa na mabanzi wiki nne mpaka sita, karibu na nyumbani, mbali na wakubwa wanaosukumana.

Kwa ng'ombe mkubwa sitakupa tumaini la uongo. Akivunjika juu, karibu na paja au bega, au mfupa ukitoboa ngozi, mara nyingi hatapona, na kila siku anayolala chini anapoteza uzito na anateseka. Amua mapema. Mwite mkaguzi wa nyama, achinjwe siku hiyo akiwa bado na afya, na familia ipate nyama au fedha yake.

Na hapa kuna kosa linaloharibu mali mara ya pili. Ng'ombe anavunjika asubuhi, jirani mwenye bomba la sindano anamdunga dawa ya viuavijasumu na ya maumivu "ili kumsaidia", jioni mwenyewe anaamua kuchinja. Nyama ile haifai tena kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, na ng'ombe aliyevunjika paja hawezi kuzisubiri. Kwa hiyo uamuzi wa kuchinja au kutibu uje kabla ya sindano. Kama tayari amedungwa, mwambie mkaguzi jina la dawa, saa aliyodungwa na aliyemdunga, na umwonyeshe chupa.

Akitibiwa akapona, na ni jike anayekamuliwa, siku za kusubiri maziwa zihesabiwe pia. Ziko kwenye chupa hiyohiyo, mara nyingi kwa maandishi madogo karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Asiyeweza kuyasoma ampe mtoto wa shule ayasome kwa sauti.